Kupata Televisheni ya Bure Wabera: Antena, Mlingoti na Waya

Mwenye nyumba wa Wabera, katika mji wa Isiolo, anayetaka kutazama taarifa ya habari ya jioni pasipo kulipa ada ya kila mwezi kwa kampuni yoyote, hukabiliwa na maswali matatu: anunue antena ya namna gani, aisimamishe mahali gani, na aielekeze upande upi. Majibu anayoyapata dukani aghlabu hulihusu swali la kwanza peke yake, kwa kuwa ndilo lenye bidhaa ya kuuzwa. Ama hayo mawili mengine, ambayo kwa hakika ndiyo yanayoamua kama picha itakuja au haitakuja, huachiwa bahati nasibu na subira ya yule aliyepanda juu ya paa. Ninalokusudia kulithibitisha katika makala haya ni kwamba utaratibu huo umegeuzwa juu chini, na kwamba katika mji uliokaa mahali ulipokaa Isiolo, yapasa fedha na akili zitumike kwanza katika uelekeo, kisha katika mlingoti, kisha katika waya, na antena yenyewe ije baada ya hayo. Na kile chombo cha kukuza mawimbi ambacho watu hukiita busta, ambacho hununuliwa kwa pupa kuliko vyote, hakistahili kuguswa mpaka hayo yote yawe yamekwisha kutengenezwa sawasawa na bado haja ikabaki.

Yafaa tuanze na asili ya jambo lenyewe. Televisheni ilianza kurushwa nchini Kenya mwaka 1962, mtambo wa kwanza ukiwa umewekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yake hayakufika zaidi ya maili 15. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo ambaye wadi hii imepewa jina lake, aliuawa njiani karibu na Mudogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Na msiba ule mkubwa ulipotokea, eneo lote la kaskazini lilikuwa nje kabisa ya upeo wa chombo kile kipya ambacho watu wa Nairobi walikuwa wameanza kukizoea sebuleni. Nayataja hayo kwa sababu watu wa Isiolo wameishi miaka mingi pembezoni mwa mawimbi, wakipokea yaliyobaki baada ya nchi za milimani kushiba, na tabia ya kuridhika na picha mbovu kana kwamba ni kudura isiyoweza kubadilika ina mizizi yake huko.

Hali ya leo ni nyingine. Mwaka 2006 mataifa ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati yalikutana mjini Geneva chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, yakakubaliana kuiacha televisheni ya analojia na kuhamia ya dijitali, na muhula ukawekwa kuwa tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilitangulia, ikaanza kuzima mitambo ya zamani Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Kenya, ambayo ilikuwa imezindua matangazo ya dijitali mwezi Desemba 2009, ilianza kuzima analojia Nairobi mwisho wa mwaka 2014, na sehemu nyingine zikafuata hata ikafika tarehe 30 Machi 2015. Katikati ya safari hiyo palizuka mgogoro ambao wengi wanaukumbuka: wenye stesheni kubwa za binafsi, yaani Citizen, NTV na KTN, walitaka wajenge mitambo yao wenyewe ya kurushia badala ya kubebwa na wengine, shauri likafika Mahakama ya Juu ambayo ilitoa hukumu tarehe 29 Septemba 2014, na mwezi Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilipozimwa, stesheni hizo zikatoweka hewani kwa zaidi ya majuma mawili hadi zilipoafikiana na serikali mwezi Machi.

Mgogoro huo umeacha athari juu ya paa la kila nyumba, ingawa ni wachache wanaoihusisha na siku zile. Katika zama za analojia kila stesheni ilirushwa peke yake. Katika dijitali, stesheni nyingi hufungwa pamoja katika fungu moja la masafa na kurushwa na mbebaji mmoja. Kenya ikapata wabebaji kadha wa kadha: Signet, ambayo ni tawi la shirika la umma la KBC, kampuni ya Kichina ya Pan African Network Group, na Africa Digital Network, iliyoundwa na zile kampuni tatu zenye stesheni nilizozitaja. Wabebaji hawa hawalazimiki kusimamisha minara yao katika kilima kimoja. Kwa hiyo ikiwa nyumba imepata stesheni kumi na kukosa nyingine kumi, haifai kudhani kwamba stesheni zilizokosekana ni dhaifu moja moja. Fungu zima limepotea, na limepotea kwa sababu antena haiuoni mnara wa mbebaji wake. Mtu akilielewa jambo hili moja, ataacha kubadilisha ving'amuzi na kuanza kutazama upeo wa macho.

Na upeo wa Wabera una mengi ya kutufundisha. Mji wa Isiolo uko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, mahali hasa ambapo nyanda za juu zinakwisha na nchi kavu inapoanza kuteremka kuelekea mto Ewaso Nyiro. Kusini, na kwa magharibi kidogo, umesimama Mlima Kenya wenye mita 5,199. Kusini-mashariki imenyoshwa safu ya Nyambene, ambayo vilele vyake vinazidi mita 2,000, na ambayo ni miongoni mwa sehemu zilizowekwa minara ya kurushia matangazo ya eneo la Meru. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu sawa na mwanga: huenda moja kwa moja, hayapindi sana, wala hayapenyi mlima. Mnara uliosimama mita 1,000 juu ya uwanda waweza, kwa kadiri ya mviringo wa dunia peke yake, kufikisha mawimbi zaidi ya kilomita 100, na Nyambene ni kiasi cha kilomita 40 tu kutoka Wabera kwa mstari ulionyoka. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Umbali si adui wa mtu wa Isiolo. Adui zake ni vizuizi vya karibu: mgongo wa kilima kidogo, ghorofa ya jirani, matawi ya mgunga au mwarobaini, na zaidi ya vyote mabati ya paa lake mwenyewe.

Mwenye kutafuta uelekeo hana haja ya chombo cha ghali. Watu wengi wa Wabera wanaijua kibla ya msikiti wao, na kutoka Isiolo kibla iko karibu kaskazini kabisa, ikiegemea mashariki kidogo mno. Basi anayeelekea kibla, mashariki iko mkono wake wa kuume, na Nyambene iko mkono huo huo wa kuume kwa kurudi nyuma kidogo, ilhali Meru mjini iko nyuma ya mgongo wake. Dira iliyomo katika simu nayo yafaa, ila isisomwe ukiwa umesimama juu ya mabati au umeishika karibu na bomba la chuma, kwani chuma huipotosha. Na ipo njia ya tatu ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko zote mbili: kupita mtaani wakati wa jioni, kutazama mapaa ya nyumba ambazo wenyewe wanakiri kuwa picha zao hazikatiki, na kuona antena zao zimeelekea wapi na vyuma vyake vimelala au vimesimama. Kulala na kusimama kwa vyuma si suala la urembo. Mawimbi hurushwa ama yakiwa yamelala ama yakiwa yamesimama, na antena iliyowekwa kinyume cha yalivyorushwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hata kama imeelekezwa barabara.

Sasa tuje kwenye antena yenyewe. Madukani huuzwa kitu kinachoitwa antena ya dijitali, na bei yake hupandishwa kwa neno hilo. Antena haijui dijitali wala analojia. Inajua urefu wa wimbi tu, na chuma kilichokatwa kwa kipimo cha wimbi hilo hulipokea bila kujali limebeba nini. Televisheni ya dijitali hurushwa katika masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470, na upande wa juu wa masafa hayo, kutoka 694 kwenda mbele, umetengwa kwa ajili ya simu za mkononi. Nusu ya urefu wa wimbi katika megahezi 470 ni kiasi cha sentimita 32, na katika megahezi 694 ni kiasi cha sentimita 22. Kwa hiyo rula ya mwanafunzi wa shule yatosha kuwa mizani ya mnunuzi: antena ambayo vyuma vyake vya kukingama vina urefu wa kati ya vipimo hivyo viwili, au kukaribia, imekatwa kwa kazi hii, ama ile yenye vyuma vya zaidi ya nusu mita ni ya masafa ya VHF, iliyotengenezwa kwa zama za zamani, na haina faida hapa hata ikiwa mpya na inang'aa. Kinyume chake, antena kuukuu ya UHF iliyobaki darini tangu siku za analojia, ikiwa haijala kutu katika viungo vyake, yafaa kabisa leo, na mwenye nayo hana sababu ya kununua nyingine.

Umbo lililoenea kuliko yote ni lile lenye fimbo moja ndefu iliyopangwa vyuma vifupi kwa kukingama, ambalo lilibuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Chuo Kikuu cha Tohoku na kutangazwa mwaka 1926. Nyuma pana chuma kirefu au wavu unaorudisha mawimbi mbele, mbele yake kipo chuma cha kupokelea ambacho ndicho kilichofungwa waya, na kisha vinafuatana vile vya mbele ambavyo huyakusanya mawimbi na kuyaelekeza. Upande wenye vyuma vifupi ndio unaopaswa kuutazama mnara; nimeona si mara haba nyumba ambazo wavu wa nyuma ndio umeelekezwa Nyambene, na mwenyewe analalamikia king'amuzi. Antena yenye vyuma vingi hukusanya zaidi, lakini jicho lake huwa jembamba, maana yake huhitaji kuelekezwa kwa uangalifu mkubwa na mlingoti usiotikisika. Kwa nyumba ya Wabera iliyo mahali wazi, antena ya wastani yenye vyuma kumi au kumi na vitano yatosha; na palipo na wabebaji wawili katika pande zinazokaribiana, antena ya wastani yaweza kuwa bora kuliko ndefu, kwa sababu jicho lake pana huwaona wote wawili. Zile ndogo za kuwekwa juu ya televisheni, ndani ya nyumba iliyoezekwa mabati, sina la kuzisifu.

Mlingoti ndio unaostahili gharama. Bomba la chuma lililopakwa zinki, likisimamishwa ukutani kwa vishikizo viwili vilivyoachana kwa kiasi cha mita moja, au likichimbiwa ardhini na kumiminiwa saruji, litaiinua antena juu ya mabati mita mbili au tatu, na mita hizo zitafanya kazi ambayo busta yoyote haiwezi kuifanya, kwa kuwa zinaiondoa antena katika kivuli badala ya kujaribu kukuza kile kidogo kilichomo kivulini. Mlingoti wa mti uliofungwa kwa kamba kwenye boriti ya paa hukaa vizuri siku utakapotengenezwa, lakini upepo wa Isiolo si wa mzaha. Unavuma kwa nguvu mchana kutwa katika miezi ya kiangazi, na antena iliyogeuka hata kidogo tu haionyeshi kwa nje kwamba imegeuka. Katika analojia kosa kama hilo lilileta chenga katika picha, na watu wakaendelea kutazama. Katika dijitali hakuna daraja la katikati: king'amuzi kinapopata mawimbi ya kutosha kusahihisha makosa, picha huwa safi kabisa, yakipungua chini ya kiwango hicho kwa kiasi kidogo mno, picha hukatika vipande vya mraba, sauti hudondoka, kisha kioo huwa cheusi. Mtu aliye karibu na ukingo huo atapata picha nzuri asubuhi, ataikosa adhuhuri upepo unapovuma, na ataamini kwamba stesheni ndiyo iliyokatika.

Waya nao una sehemu yake katika hasara, na ni hasara isiyoonekana. Waya mnene wa televisheni ulioandikwa RG6 ubavuni hupoteza, katika masafa haya, zaidi ya nusu ya nguvu za mawimbi katika mita 20. Ule mwembamba ulioandikwa RG59, na zaidi ule usioandikwa kitu, hupoteza zaidi ya hapo. Kwa hiyo waya uwe mfupi kadiri iwezekanavyo, uwe mzima kutoka antena hadi king'amuzi, usiungwe katikati kwa kusokota na kuzungushiwa utepe, wala usikunjwe kwa pembe kali dirishani. Kiungo cha juu, pale waya unapoingia katika antena, ndicho mahali panapokufa kwanza, kwa sababu maji ya mvua hupenya na kuteremka ndani ya waya hata sebuleni. Basi kizungushiwe utepe wa mpira kwa ukamilifu, na waya ufanyiwe kitanzi kinachoning'inia kabla haujaingia ukutani, ili maji yadondokee nje. Katika jua la huku, waya wenye ganda jeusi hudumu kuliko mweupe.

Nimekwisha kusema kwamba busta ije mwisho, na inanipasa nieleze kwa nini. Chombo hiki hukuza kila kinachokiingia: mawimbi yanayotakiwa, uvumi wa umeme wa majirani, na mawimbi ya minara ya simu iliyo katikati ya mji. Kukiweka chini karibu na televisheni, baada ya waya kuwa umekwisha kula nusu ya mawimbi, ni mithili ya kumpa karani barua iliyolowa maji na kumwambia ainakili kwa herufi kubwa. Herufi zitakuwa kubwa, na yaliyofutika hayatarudi. Busta ina mahali pake pa haki, napo ni juu kabisa mlingotini, mita moja au mbili kutoka antena, pale ambapo waya ni mrefu pasipo hila ya kuufupisha au pale ambapo antena moja inazilisha nyumba kadhaa. Penginepo ni fedha iliyotupwa, na mara nyingi huwa ni madhara, kwani mawimbi yaliyokuwa na nguvu ya kutosha yakizidishwa huja kukizidi king'amuzi nguvu, na picha ikapotea kwa shibe badala ya njaa.

Kazi ya kuelekeza antena inataka watu wawili na saa moja ya utulivu. Mmoja awe juu, mwingine mbele ya televisheni, na simu iwe wazi kati yao. Aliye chini afungue ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora, na ausome ule wa ubora. Nguvu pasipo ubora yaweza kuwa ni kelele tupu. Aliye juu aigeuze antena kwa upana wa vidole viwili, kisha aache mkono, asimame, ahesabu taratibu hadi kumi, kwa kuwa king'amuzi huchukua sekunde kadhaa kuyatambua mawimbi na kutoa jibu. Kosa lililozoeleka ni kugeuza mfululizo huku wa chini akipiga ukelele wa "hapo hapo", na kumbe mahali palipokuwa pazuri pamekwisha kupitwa kitambo. Ubora ukionekana, antena isikazwe papo hapo. Igeuzwe kulia mpaka picha ikatike, mahali hapo patiwe alama kwa chaki juu ya bomba. Irudishwe kushoto mpaka ikatike tena, patiwe alama ya pili. Kisha ikazwe katikati ya alama hizo mbili. Huko katikati ndiko iliko akiba ya kuvumilia upepo, mvua na majani ya mti yanayoongezeka msimu wa masika.

Baada ya hapo king'amuzi kiamriwe kutafuta stesheni upya, masafa yote tangu mwanzo hadi mwisho. Televisheni nyingi za siku hizi zina king'amuzi ndani yake, na mnunuzi atazame kwamba ni cha aina ya DVB-T2, kwani Kenya ilianza na DVB-T mwaka 2009 lakini ikahamia T2 muda mfupi baadaye, na chombo kilichotengenezwa kwa ya kwanza pekee hakiwezi kuisoma ya pili. Ving'amuzi vya kampuni za malipo aghlabu vimefungwa na fungu la mwenye kampuni. Antena ya kampuni hiyo, hata hivyo, ni antena kama nyingine, na aliyechoka kulipa anaweza kuchomoa waya ule ule na kuuingiza katika king'amuzi huru. Madishi ya setilaiti ni mlango mwingine, wenye stesheni nyingi za mbali, na sioni ubaya wake, ila mtu asiingie gharama za dishi kwa kudhani kwamba Wabera haipati mawimbi ya minara, kabla hajapanda juu na kuhakikisha.

Kwa wapangaji wa ploti, ambao ni wengi katika wadi hii, pana suala la shirika. Nyumba kumi zilizopangana ubavu kwa ubavu, kila moja na antena yake ya chini iliyoelemea nyingine, hupata picha mbovu zote kumi kwa gharama ya mlingoti mmoja mzuri. Antena moja iliyoinuliwa vema, ikafuatwa na busta huko juu na kigawanyo ambacho mafundi hukiita splita, yaweza kuwatosha wote. Ila ijulikane kwamba kugawa mara mbili humwachia kila mmoja chini ya nusu, na kugawa mara nne chini ya robo, na hapa ndipo busta inapokuwa na sababu. Mwenye ploti akiwa na insafu ataona kwamba gharama hiyo ni ndogo na kwamba mpangaji aliyepata habari, mafunzo na mpira wa bure nyumbani kwake hana haraka ya kuhama.

Na hakuna picha inayostahili roho ya mtu. Tako la mlingoti liwe mbali na waya wa stima kwa umbali unaozidi urefu wa mlingoti na antena vikijumlishwa, ili hata vikianguka visiguse; na kazi isifanywe siku ya upepo wala baada ya mvua, wakati mabati yanateleza. Mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na nondo iliyopigwa ardhini, na radi inapoanza kunguruma waya wa antena uchomolewe. Fundi anayeharakisha mambo haya asilipwe. Fundi anayekaa saa nzima akitafuta ubora kwa vidole viwili viwili alipwe vizuri, kwa sababu saa hiyo ndiyo bidhaa yenyewe.

Kuna atakayeuliza kama jambo hili lastahili maneno mengi hivi, zama hizi ambapo kijana hutazama kila kitu katika simu. Namjibu kwa mfano wa karibu. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipeleka masomo kwa redio na televisheni, na mtoto aliyekuwa katika nyumba yenye antena iliyoelekezwa barabara aliyapata pasipo kununua bando hata la shilingi moja, ilhali wa nyumba ya pili, yenye televisheni ile ile na king'amuzi kile kile, aliyakosa kwa tofauti ya mita mbili za bomba. Matokeo ya uchaguzi, tangazo la mafuriko, hotuba ya Bunge, yote huja kwa mlango huo huo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola; na haki inayopita hewani juu ya paa la mtu bila kushuka ndani, kwa kuwa tu hakuna aliyemwambia mnara uko wapi, bado haijamfikia.

Kwa hiyo nawaomba Mamlaka ya Mawasiliano, wabebaji wa matangazo, na serikali ya kaunti ya Isiolo walete jambo moja lisilo na gharama: karatasi iliyobandikwa sokoni, katika afisi ya chifu na katika kila duka linalouza antena, yenye jina la kila mnara unaohudumia mji huu, upande uliko kutoka hapa, namba za masafa yake, na kama mawimbi yake yamelala au yamesimama. Na wewe msomaji wa Wabera ambaye picha yako haikatiki, usiingoje karatasi hiyo. Mwonyeshe jirani yako leo antena yako imeelekea wapi, na umshikie ngazi anapopanda kuielekeza yake.